Barua ya wazi: Chuma kilichomo nyongani mwangu kiandikwe

Kwa:
Waziri wa Afya, Serikali ya Kenya
Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini (KMPDC)
Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA)
Idara ya Afya, Serikali ya Kaunti ya Lamu

Waheshimiwa,

Mimi ni baharia wa mashindano ya mashua kutoka kisiwa cha Amu, yaani Lamu. Waliowahi kufika kwetu siku za mashindano wameziona mashua za Amu, Shela, Matondoni na Kipungani zikikata maji mbele ya mji, tanga limejaa, mabaharia wamejipanga upande wa joshi, na mmoja wao amekaa kwenye ncha ya ubao uliotolewa nje ya ubavu ili chombo kisilale. Yule wa ubaoni nilikuwa mimi. Kazi ile inaitaka nyonga kuliko mikono. Unakaa, unainuka, unarudi ndani mbio chombo kinapogeuza, unatoka tena upande wa pili, na yote hayo juu ya mbao zilizolowa.

Leo natembea kwa nyonga ya bandia, na hii ni ya pili. Ya kwanza ilishindwa, ikabidi nifunguliwe tena, itolewe, niwekewe nyingine. Siandiki ili daktari yeyote afungwe wala hospitali yoyote ifungiwe, na kwa makusudi sitaji jina la mtu wala la hospitali. Najua kwamba upasuaji unaweza kushindwa hata katika mikono iliyobobea. Ninachokilalamikia ni kimya kilichofuata baada ya kushindwa, na kwamba aliyekuja kunirekebisha alilazimika kufanya kazi gizani kwa sababu waliomtangulia hawakuacha maandishi.

Mambo yalikwenda hivi, kwa ufupi. Katika mashindano kamba ilikatika, foromali ikashuka, nami nikaangukia ukingo wa mashua kwa ubavu. Nyonga iliteguka, ikarudishwa, maumivu yakatulia, nikarejea baharini. Miezi ilivyopita mguu ukaanza kukataa. Nikadungwa sindano za maumivu, nikaambiwa ni misuli. Picha ya eksirei ilipopigwa mwishowe ilionyesha kwamba kichwa cha mfupa wa paja kimekufa kwa kukosa damu na kimeanza kubonyea. Mishipa inayokilisha kichwa kile ni michache na myembamba. Nyonga ikiteguka mishipa hiyo huweza kukatika, na mfupa ukafa polepole wakati mwenyewe anadhani amepona. Mfupa ukishafika pale nilipofika mimi, tiba ni kubadilisha nyonga nzima. Nikasafiri nje ya kaunti, nikabadilishiwa. Malalamiko yangu yanaanzia hapo.

1. Nilitia sahihi nisichoelezwa.

Asubuhi ya upasuaji, nikiwa nimeshavishwa gauni la hospitali, nililetewa fomu ya Kiingereza nikaonyeshwa mahali pa kutia sahihi. Kiingereza changu ni cha darasani, si cha chumba cha upasuaji. Hakuna aliyeniambia kwamba nyonga ya bandia inaweza kuchomoka, au kulegea, au kuingia wadudu. Hakuna aliyeniuliza ninaishi wapi, ninafanya kazi gani, ninaswali vipi.

Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata maelezo yanayomwezesha kufaidika nayo. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yaliyopo, faida zake na hatari zake, kwa lugha anayoielewa. Kwa hiyo sheria ipo. Kilichokosekana ni mtu wa kuketi kitandani pangu kwa muda mfupi akasema nami.

2. Nilipewa masharti ya maisha ya watu wengine.

Nilipotoka nilikabidhiwa karatasi ya masharti. Usikae kwenye kiti kifupi. Usiiname ukapita pembe mraba. Usipandanishe miguu. Tumia choo cha kukalia kilichoinuliwa. Ni masharti mazuri kwa mtu anayeishi katika nyumba ya namna ile. Karatasi haikusema lolote juu ya choo cha kuchuchumaa, ambacho ndicho tulicho nacho nyumba nyingi. Haikusema kitu juu ya kula mkekani, sinia katikati na watu wamekunja miguu. Haikutaja sijda wala kikao cha tahiyatu. Haikumuwazia mtu anayeshuka gatini maji yametoka, ngazi zina ukoga wa bahari, boti iko chini kabisa na inacheza, naye atupe mguu mmoja ndani huku mwingine umebaki juu. Wala haikumfikiria mtu ambaye mnyama wa kumfikisha nyumbani ni punda, kwa kuwa vichochoro vyetu havipitishi gari.

Nyonga ilichomoka kwa mara ya kwanza msikitini, nilipokuwa nainuka kutoka kwenye sijda. Ilichomoka tena gatini nikipanda boti ya kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, safari yenyewe ikiwa ni ya kwenda kliniki. Anayetaka kujua maumivu yale amuulize aliyewahi kuyapata. Mimi sina maneno yake. Na kila nilipofikishwa hospitali swali la kwanza lilikuwa: ulikuwa unafanya nini? Nikaanza kuamini kwamba mimi ndiye niliyeivunja nyonga yangu kwa kuswali.

Daktari wa pili ndiye aliyeniweka mbele ya picha akanionyesha kwa kidole. Kikombe kilikuwa kimewekwa wima mno, ukingo wake wa juu haukukifunika kichwa inavyopasa. Akanieleza kwamba nyonga iliyowekwa namna ile ingechomoka hata kwa mtu asiyeondoka kitini. Mguu nao ulikuwa umeachwa mfupi kuliko mwenzake. Picha ile ile ilikuwa imeshapita mikononi mwa watu kadhaa kabla yake, wote wenye macho na wote wenye elimu, na hapana aliyeniambia alichokiona.

Waheshimiwa, hili ndilo lililoniumiza kuliko kisu. Mtu kukosea katika kazi ngumu naweza kulielewa. Kumwacha mgonjwa ajilaumu kwa kosa ambalo picha inalionyesha, hilo sioni sababu yake njema.

3. Chuma kiliwekwa mwilini mwangu bila kuachiwa maandishi.

Naomba mniwie radhi nieleze kidogo jambo ambalo wataalamu wanalijua, kwa kuwa barua hii itasomwa pia na mabaharia wenzangu. Nyonga ya bandia si kipande kimoja. Kuna kikombe kinachopachikwa kwenye mfupa wa nyonga, na ndani yake bitana, mara nyingi ya plastiki ngumu. Kuna kichwa cha mviringo, cha chuma au cha kauri. Kuna shina linalopigwa ndani ya mfupa wa paja, ama kwa saruji maalumu ya mifupa ama kavu ili mfupa uote juu yake. Kila kipande hutoka kiwandani na vibandiko vyenye jina la mtengenezaji, kipimo na nambari ya toleo, na vibandiko hivyo hutengenezwa makusudi ili vibandikwe kwenye faili la mgonjwa. Shingo ya shina huchongwa kwa kipimo cha kiwanda chake. Kichwa cha kiwanda kingine huenda kisikae sawa, na kisipokaa sawa husagana na kumwaga vumbi la chuma mwilini.

Daktari wa pili alitaka kubadilisha kikombe na kichwa tu. Shina lilikuwa limeshika vizuri, halikuwa na kosa lolote. Akauliza ni la kiwanda gani na la kipimo gani, ili aagize kichwa kinacholingana nalo na vifaa vya kulishughulikia. Hakuna aliyeweza kumjibu. Barua aliyoandika ilirudi na maneno kwamba faili halionekani. Nilikwenda mwenyewe, nikatumwa dirisha hadi dirisha, na jibu likawa lile lile. Karatasi yangu ya kutokea wodini ilikuwa na mstari mmoja tu: nyonga ya bandia, upande wa kulia.

Basi shina zima liling'olewa, nalo halikuwa na hatia. Ili litoke ilibidi mfupa wa paja upasuliwe kwa urefu, kisha ukafungwa kwa waya na kuwekewa shina jingine refu zaidi. Upasuaji uliokuwa uwe mdogo kwa kadiri ukawa mkubwa. Ndugu zangu walitafutwa watoe damu. Nilikaa kwenye magongo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na mfupa ulioondoka na shina lile haurudi. Yote haya kwa kukosa vibandiko ambavyo ukivikusanya vyote havijai kiganja.

Boti inayonivusha kwenda Mokowe ina nambari ubavuni, ina leseni, na injini yake ina nambari iliyogongwa kiwandani. Ikipata ajali leo itajulikana ni ya nani, ilikaguliwa lini na nani aliyeikagua. Chuma kilichomo ndani ya mwili wa raia hakistahili uangalizi mdogo kuliko huo.

4. Anayeshindwa hahesabiwi.

Nilipouliza kushindwa kwa nyonga yangu kumeandikwa wapi, ili daktari mwingine ajifunze na mgonjwa mwingine asalimike, sikupata jibu. Wenzetu walianza kuhesabu zamani. Daktari wa mifupa John Charnley alianza kuweka nyonga zake za kisasa Uingereza mwaka 1962. Baada yake Sweden ilifungua daftari la taifa la nyonga za bandia mwaka 1979, Australia mwaka 1999, Uingereza na Wales mwaka 2003. Katika madaftari hayo kila nyonga inayowekwa huandikwa, na inayotolewa pia, pamoja na sababu ya kutolewa.

Faida yake ilionekana kwa nyonga ya chuma kwa chuma iliyoitwa ASR, ya kampuni ya DePuy. Daftari la Australia lilikuwa miongoni mwa walioona mapema kwamba nyonga zile zinarudi kubadilishwa kwa wingi usio wa kawaida. Zikaondolewa sokoni Australia mwishoni mwa 2009, na Agosti 2010 kampuni ikazirudisha duniani kote, baada ya watu wapatao 93,000 kuwekewa. Kama asingekuwapo mtu wa kuhesabu, kila mmoja wa watu wale angeambiwa kama nilivyoambiwa mimi, kwamba alikaa vibaya.

Wala msiseme daftari ni anasa ya matajiri. Malawi ilianzisha daftari lake la taifa la viungo vya bandia mwaka 2005. Malawi haina fedha kutushinda.

Tena kuna jambo ambalo hakuna atakayetuhesabia tusipojihesabu wenyewe. Mwaka 2019 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliokadiria kwamba nyonga za bandia takriban 58 katika 100 hudumu miaka 25. Ni habari njema, lakini hesabu ile ya miaka mingi ilitokana na madaftari ya Australia na Ufini. Inatuambia nini sisi tunaochuchumaa kila siku, tunaosujudu mara kwa mara kutwa nzima, tunaofanya kazi kwenye vyombo? Inawezekana nyonga zetu hudumu vile vile. Inawezekana kuna aina ya kikombe inayotufaa kuliko nyingine. Mtoto wa pwani mwenye ugonjwa wa selimundu anahitaji jibu hilo kuliko mimi, kwani ugonjwa ule, ambao umeenea pwani yetu, nao huua kichwa cha mfupa wa paja, na huua mapema. Mimi niliumia mtu mzima. Yeye anaweza kuhitaji nyonga kabla hajafika umri wa kuoa, na atahitaji imdumu maisha.

Wanamichezo wenzangu wanamjua Andy Murray, mchezaji tenisi wa Uingereza. Alipasuliwa nyonga huko Melbourne Januari 2018 na maumivu hayakwisha. Januari 2019 alikaa mbele ya waandishi akayasema hayo kwa machozi, na mwezi ule ule akapasuliwa tena London na kuwekewa chuma. Oktoba 2019 alishinda mashindano ya Antwerp. Simtaji kwa kujilinganisha naye. Ana fedha na madaktari ambao baharia wa Amu hatawapata. Namtaja kwa sababu upasuaji wa kwanza haukuondoa maumivu, na jambo hilo likasemwa hadharani bila ya mtu kuona haya. Kusema kwenyewe hakuhitaji fedha.

5. Tunatibiwa mbali, na kufuatiliwa mbali zaidi.

Mgonjwa wa Kiwayu au Kizingitini hupanda chombo kwanza kuja Amu, kisha boti ya Mokowe, kisha basi kupitia Hindi, Witu na Garsen hadi Malindi na Mombasa, zaidi ya kilomita 300 za nchi kavu. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 tumezijua amri za kutotoka usiku na mabasi yanayosubiri msafara wa polisi. Mtu mwenye jeraha la nyonga hukaa saa zote hizo kwenye kiti kile kile alichokatazwa. Na mara nyingi anakwenda kupigwa picha moja na kuangaliwa kwa dakika chache, kisha arudi. Wengi wanaacha kwenda. Anayeacha kwenda hagunduliwi mapema nyonga ikianza kulegea, na akigunduliwa huwa mfupa umeshaliwa.

6. Imani yetu isifanywe kificho.

Nyonga yangu ilipochomoka mara ya pili mama aliniambia ni qadari ya Mwenyezi Mungu. Namuitikia, na naamini kama anavyoamini. Lakini nimesikia maneno hayo hayo yakisemwa na mtu mwenye kalamu mkononi aliyekuwa na wajibu wa kuandika kilichotokea, na kwake yeye siyakubali. Kumuamini Mungu hakukumwondolea nahodha wajibu wa kukagua kamba zake kabla ya kung'oa nanga. Watu wa kwetu ni wastahamilivu, hawashtaki, wanashukuru hata walipotendewa vibaya. Ustahamilivu huo msiuchukue kuwa ni kuridhika.

Baada ya kueleza hayo, ninaleta maombi yangu kwa kila mmoja wenu.

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Afya. Naomba daftari la taifa la viungo vya bandia ambalo ni la lazima kwa kila hospitali, ya serikali, ya dini na ya binafsi, si la kujitolea. Kila nyonga na kila goti linaloingia, na kila linalotoka. Bodi ya Famasia na Sumu, inayosimamia vifaa vya tiba, ihusishwe, ili kiwanda kikirudisha bidhaa yake wagonjwa wa Kenya watafutwe kwa majina na kuambiwa. Matokeo ya daftari yachapishwe kila mwaka, nasi tuyasome kwa Kiswahili. Na kila mgonjwa apewe kadi yake, iliyo ngumu, isiyoharibika kwa maji, yenye vibandiko au nambari zote.

Kwenu Baraza la Madaktari. Wekeni kanuni kwamba hakuna mgonjwa aliyewekewa kiungo atakayeruhusiwa kwenda nyumbani bila ya nakala ya maelezo ya upasuaji na vibandiko mkononi, na hospitali isiyoifuata iulizwe wakati wa kuhuisha leseni. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari anazozihitaji ili kuilinda haki yake, hata zikiwa mikononi mwa mtu binafsi. Nyinyi ndio wa kuitafsiri haki hiyo katika wodi. Wekeni pia wajibu ulio wazi wa daktari kumwambia mgonjwa pale upasuaji unaposhindwa, awe ni yeye aliyeufanya au mwenzake. Fomu ya malalamiko iwepo kwa Kiswahili, na mlalamikaji wa visiwani asikilizwe kwa video kutoka Amu badala ya kutakiwa Nairobi. Na daktari anayesema ukweli juu ya kushindwa kwake alindwe. Mkimwadhibu msema kweli kuliko mficha faili, mtavuna mafaili yaliyopotea.

Kwenu SHA, mliochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya afya, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024. Nguvu kubwa iko kwenu kuliko mnavyoitumia, kwa kuwa fedha zinapita kwenu. Amueni tu kwamba dai la nyonga au goti halilipwi mpaka nambari za kiungo ziwe zimewasilishwa na mgonjwa amepata kadi yake. Nina hakika vibandiko vitaanza kuonekana. Halafu tambueni upasuaji wa marekebisho kuwa ni kazi ya aina yake, mrefu na wenye vifaa ghali kuliko wa kwanza, na mtenge malipo yanayolingana nao pamoja na fiziotherapia inayofuata. Mshahara unakatwa asilimia 2.75, na mvuvi naye anatakiwa achangie, ingawa kuna miezi ambayo kusi hufunga bahari. Mchangiaji asiuze mashua ili arekebishiwe kosa ambalo si lake.

Kwenu Idara ya Afya ya Kaunti ya Lamu, ambao ni jirani zangu, nina maombi yaliyo karibu zaidi na yasiyohitaji kusubiri Nairobi. Picha za ufuatiliaji zipigwe hapa Amu, zitumwe kwa daktari aliyepasua, na mgonjwa asafiri pale tu penye haja. Mtaalamu wa fiziotherapia afike visiwa vya Pate na Kiwayu kwa zamu inayojulikana. Kaeni na wataalamu wa mifupa, wauguzi, maimamu na manahodha, muandike masharti ya nyonga kwa maisha ya huku: namna ya kuswali kwa kiti na lini mtu anaweza kurudi kwenye sijda, kiti cha mbao cha kuweka juu ya choo ambacho seremala yeyote wa Amu anaweza kukitengeneza, namna ya kupanda boti maji yakiwa yametoka na ni mguu upi utangulie. Karatasi ya namna hiyo ingenifaa mimi kuliko dawa zote nilizopewa. Na siku za mashindano iwepo boti yenye machela na muuguzi, na waandaaji wawakatie mabaharia bima kabla ya tanga la kwanza kupandishwa. Tunapigiwa makofi na kupigwa picha na wageni; tukivunjika hugharimia mama zetu.

Mnaweza kuuliza ni kwa nini nimeyaandika hadharani. Kuna kijana wa mashua nyingine, nimemwona mwendo wake, anachechemea kama nilivyokuwa nachechemea mwanzo. Nimemsihi akapigwe picha. Amenijibu kwamba afadhali maumivu kuliko kupasuliwa mara mbili kama mimi. Nyonga ya bandia ni tiba kubwa, imewarudishia watu mamilioni mwendo wao, na hii ya pili niliyo nayo imenirudishia wangu: napanda ngazi za nyumba, naswali kwa kiti safu ya kwanza, nafundisha wadogo kufunga tanga. Ubaoni sirudi, daktari amekataza. Lakini vijana hawaoni hayo. Wanaona mtu aliyechomoka nyonga msikitini. Kila nyonga inayoshindwa kimya kimya inawafukuza hospitali watu ambao wangepona, na mfupa uliokufa haumsubiri mtu apate imani.

Nangojea majibu yenu kwa maandishi, na nitayasambaza kama nilivyoisambaza barua hii.

Na wewe msomaji uliyewekewa nyonga, goti, sahani au skrubu, usingojee barua hii ijibiwe. Nenda na kitambulisho chako kwenye ofisi ya rekodi ya hospitali iliyokupasua, na barua fupi yenye tarehe ya upasuaji. Omba nakala ya maelezo ya upasuaji, vibandiko vya kiungo na picha zako. Wakugongee muhuri wa kupokea barua, hata kama wamekwambia urudi kesho, na kesho urudi. Ukizipata, toa nakala mbili: moja iweke nyumbani pakavu, ya pili mpe mtu unayemwamini. Fanya hivyo ungali huna maumivu.

Wenu kwa heshima,
Baharia wa mashua, Amu